Valvu Yenye Majina Mawili

Alhamisi, Nateete.

Mvua ilianza kabla sijafungua kibanda na ikakatika saa tano. Nililowa hadi soksi, na bado nacheka peke yangu. Acha niandike kabla furaha haijapoa.

Jumatatu Mzee Okello aliniletea amplifaya ya gitaa. Ni mstaafu wa bendi ya askari, anaishi Bukoto, kwao ni kaskazini. Aliibeba mwenyewe kifuani, akakataa kusaidiwa. Mwenzake aliyepiga naye muziki tangu ujanani anarudi Arua Jumapili, moja kwa moja, na Jumamosi wanataka kupiga pamoja mara ya mwisho. Wanaitaka amplifaya hiyo hiyo ya zamani, ile ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama taa ndogo.

"Fundi, hii unajua?" aliniuliza.

Nikasema najua.

Sikuwa najua. Natengeneza redio na spika hapa tangu nilipofika kutoka Bukavu, lakini mashine ya valvu sikuwahi kuifungua hata moja. Nilimwona baba akizitengeneza nilipokuwa mdogo, basi. Kilichobaki kwake ninacho: kitabu chake cha majedwali, kimeliwa na mende pembeni.

Niliifungua taratibu, mzee akiwa bado amesimama pembeni. Kwanza nikamaliza umeme uliobaki ndani, maana mashine hizi zinaweza kukurusha hata zikiwa zimechomolewa. Kosa la kwanza lilionekana kwa macho: kapasita kubwa ya mkebe, inayotunza umeme, imevimba na kuvuja. Ndani ya mkebe huo mmoja mna kapasita tatu, na mikebe ya namna hiyo si rahisi kuipata tena. Nikasoma namba ubavuni, nikatafuta kapasita tatu mpya zinazohimili umeme ule ule, nikazilehemu kwa chini. Mkebe wa zamani nikauacha mahali pake, umekatwa waya. Sikutaka mzee aone mashine yake ina pengo.

Kosa la pili lilinitesa. Valvu ya kutolea sauti ilikuwa nyeupe kichwani kama maziwa, dalili kwamba hewa imeingia. Maandishi yake yamefutika. Nikakumbuka alivyokuwa akifanya baba, nikaipulizia pumzi kama mtu anayefuta miwani. Herufi zikatokea kwenye ukungu: EL84. Nilipiga kelele hadi jirani yangu muuza viatu akaja kuchungulia.

Jumanne nilienda Kansanga kwa kaka Espoir, Mkongo mwenzangu anayeuza vipuri vya redio za zamani. Hakuwa na EL84. Alikuwa na moja iliyoandikwa 6BQ5, miguu tisa kama yangu, umbo lile lile. Nikaikataa kwa maringo. Nikamweleza hata kwamba fundi mzuri habahatishi.

Jana jioni nikafungua kitabu cha baba. Safu mbili: jina la Ulaya na jina la Amerika. EL84. Mbele yake, 6BQ5.

Valvu ile ile.

Ndiyo maana leo nilipanda boda kwenye mvua. Espoir alicheka mpaka akakaa chini. "Dada Riziki, ile njo nilimupa Mama Fifi jana. Anaitundika kwa baa yake kama pambo."

Baa ya Mama Fifi iko mlango wa pili. Alikuwa amefunga valvu kumi na kitu kwenye uzi juu ya kaunta, pamoja na taa za Krismasi. 6BQ5 ilikuwa ya tatu kutoka mwisho. Nikamweleza habari ya wazee wawili na Jumamosi yao. Alisikiliza vizuri, lakini macho yalikuwa kwenye uzi, pengo lingemkera. Basi nikatoa mfukoni ile iliyokufa, na kichwa chake cheupe.

"Eh! Hii ni nzuri kupita ile," akasema.

Tukabadilishana palepale.

Kibandani niliichomeka, nikapitisha umeme kwenye balbu ya kawaida kwanza, ili kama kuna shoti iwake balbu badala ya kuungua amplifaya. Balbu iliwaka kidogo, ikafifia: hakuna shoti. Ndani ya valvu kukawa na wekundu mdogo. Spika ikapumua, bila mngurumo wowote.

Mzee alikuja saa tisa na gitaa lake. Alipiga mara moja tu, nyuzi zote, akaziacha zilie mpaka zikaisha zenyewe. Kisha akageukia ukuta kidogo. Mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Nikaona nimwambie ukweli, kwamba siku ile sikuwa najua.

"Mimi ilijua," alisema, bado anatazama ukuta. "Mafundi wanne walisema wanajua, wakafungua na kelele mingi. Wewe ulinawa mikono kwanza."

Sikumbuki hata kunawa.

Akaniambia Jumamosi nitakaa mbele kabisa, na wageni. Nikamuuliza kama ni kwa sababu anaogopa mashine itazimika. Akasema hapana, ni kwa sababu ndiyo mahali sauti inasikika vizuri.

Sijawahi kukaa mbele kwenye shughuli ya mtu yeyote mjini hapa. Nina gauni moja la maana, la kitenge, na lina tundu la lehemu kifuani. Kesho kibanda kitafunguliwa kwa kuchelewa: asubuhi naanzia kwa mshonaji.