X Nyekundu Ukutani

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Mbagala hatujambo, na shangazi yako amejifungua salama. Unaniuliza kwa nini nguo zangu zinakaa sandukuni wakati amenipa kabati zima.

Ujanani mwangu walikuja watu wakaiwekea nyumba yetu ya bondeni X nyekundu, kwamba itabomolewa. Majirani wakang'oa mabati na milango yao, wakahama. Mie nikaipaka chokaa ile alama kabla babu yako hajarudi kutoka kazini. Nilidhani ikifutika, wataipita nyumba.

Buldoza lilipokuja hatukuokoa hata mlango. Babu yako alifia kwenye chumba cha kupanga, akiamini hatukuwekewa alama.

Hapa kwa shangazi yako nalala pazuri. Lakini kila nikiamka, kwanza natoka nje kuutazama ukuta.

Ni mie bibi yako.