Wameandika Kwamba Ulikubali

Baba,

Pole kwa kukusumbua. Mambo yangekuwa ya kawaida ningekuambia tu kwamba yule mtamba uliyemwacha amezaa, nikanyamaza. Lakini nimechoka, na hasira hii sijui mwingine wa kumpelekea.

Wamesema ulikubali mkataba. Ule wa biashara na nchi za ng'ambo, ambao tunasikia ukitiwa saini maziwa yao ya unga yataingia bila ushuru. Wewe, ambaye tulikuzika mwaka jana nyuma ya zizi, mvua ikinyesha. Jina lako ni la kumi na nne kwenye orodha iliyoambatishwa mwishoni mwa ripoti ya serikali, na ripoti inasema wakulima wa Bungoma walishirikishwa, wakaunga mkono.

Nilidhani ni uhuni wa mtu. Nikatoka Kitale na hasira zangu zote, nikapita kwanza nyumbani Chwele kumwonyesha Mama. Akavaa miwani, akatazama, akasema, "Si hii ni mwandiko yangu."

Unajua uanachama wa chama cha maziwa bado uko kwa jina lako. Kila asubuhi Mama akipeleka maziwa huandika Simiyu, kwa hivyo wanachama walipoitwa mkutano wa huo mkataba Kanduyi, miezi kadhaa baada ya mazishi, akaandika Simiyu vilevile. Karatasi ya mahudhurio ilipita pamoja na soda na mkate. Nani hukataa kuandika jina soda ikiwa mkononi? Mimi mwenyewe nimeandika langu mara ngapi kwenye mikutano ya shule bila hata kusoma kichwa cha karatasi. Kumbe siku hizi kuketi ni kukubali.

Na usidhani alikula mkate akanyamaza. Aliinua mkono akauliza mkataba unasema nini kuhusu maziwa. Akajibiwa kwamba hauruhusiwi kusomwa kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea, ukikamilika utatangazwa. Yaani tutauona ukishatufunga. Nikakumbuka siku kile kiwanda kilipokuja na karatasi za kununua maziwa yetu, ukawazuia wanachama ndani ya kanisa mpaka zikasomwa zote, Kiswahili kisha Kibukusu, watu wanapiga miayo na mimi nakuonea aibu. "Soma tena hapo," ukawa unasema. "Mbuzi kwenye gunia hatununui." Ni kwenye ukurasa wa sita tulipokuta kwamba wakati wa mvua, maziwa yakizidi, wangeturudishia.

Basi nikaenda ofisi yao ya Bungoma. Mara ya kwanza mwenye faili alikuwa kwenye semina. Mara ya pili faili yenyewe ilikuwa Nairobi. Mara ya tatu nikampata afisa mmoja mwenye adabu zake, nikamwomba mambo mawili: nionyeshwe mkataba, na jina lako litolewe. La kwanza alilicheka kidogo. La pili akasema mwenye jina ndiye anafaa kuandika barua. Nikamwambia mwenye jina alikufa. Akarudi kwenye orodha, akaweka kidole pale kwenye kumi na nne.

"Lakini madam, hapa inaonyesha alihudhuria."

Baba, nilikaa kwenye ngazi za ile ofisi nikacheka mpaka nikalia. Nilitamani ufufuke hata dakika tano tu, uingie mle ndani na kofia yako, umwambie asome tena hapo. Halafu ungeniambia nipanguse makamasi, kazi bado.

Jana tumeandika barua, mimi na Mama, kudai mkataba usomwe mbele ya watu kabla haujatiwa saini. Nilikuwa naanza kuweka jina lako chini, maana ndilo wanalolijua, nikidhani labda watalisikiliza. Mama akaninyang'anya kalamu.

"Huyu mzee mmesumbua ya kutosha. Weka yangu."

Akaliandika mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi: Nafula. Jumatatu tunaipeleka, na tukitoka huko tunapitia chama cha maziwa kubadilisha uanachama.

Lala sasa, Baba. Hutahudhuria mkutano mwingine. Tutahudhuria sisi, na soda yao tutakunywa, lakini kalamu hatushiki mpaka ukurasa wa mwisho usomwe. Hiyo nakuahidi.

Binti yako,
Nekesa