Taa Yako ya Ukutani Nimeivunja Mimi

Baba Kidosho,

Vaa viatu kabla hujatoka uani, vioo vimetapakaa. Maharage yako jikoni, yapashe tu.

Ile taa yako kubwa ya kuzuia wezi nimeivunja mimi, kwa mchi. Asubuhi nimemkuta Kidosho chini yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi tena, anaokota ndege. Walivutwa na mwanga, wakajibamiza ukutani mpaka shingo zikavunjika. Mmoja alikuwa bado anapapatika, paka anamrarua mbele ya mtoto. Mdogo wako akacheka: "Shemeji, kitoweo kimejileta chenyewe!" Ndipo nikashika mchi. Akanivuta nywele, nikamng'ata mkono mpaka damu ikatoka, nikaendelea kupiga hadi taa ikaanguka. Yuko zahanati, anashonwa.

Nisamehe. (Hiyo nimeikata, usiisome.) Pole mpe yeye, mimi sitaki.

Kwenye darasa langu la jioni tulifundishwa kwamba mwanga wa usiku kucha unawapotezea ndege njia na unamnyima mtoto usingizi. Nilikwambia, ukanijibu, "Hiyo ni elimu ya jioni." Haya basi, leo nikiwa kwenye hiyo elimu ya jioni, mlaze Kidosho mwenyewe, gizani. Akikesha, nitakununulia taa nyingine na ngazi nitakushikia. Akilala, kaa karibu umsikilize anavyopumua, halafu uniambie ni mwizi gani aliyewahi kutuibia zaidi ya ile taa.

Mkeo bado,
Mama Kidosho