Hodi ya Nne

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Soweto tu wazima, ila baridi inanisumbua magoti. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kwa nini ninyi wa kujitolea mnakatazwa kuingia kwa mgonjwa bila kukaribishwa. Nilipokuwa na umri wako nilijitolea kule Igowole wakati wa kipindupindu. Watu walivumisha kwamba dawa yetu ya kusafisha maji ndiyo inayoua. Siku moja tukamkuta baba amesimama mlangoni kwake ameshika panga, na ndani mtoto analia. Kiongozi wetu, mama mmoja mfupi, akapiga hodi mara tatu. Nikamnong'oneza, "Dada, tuondoke, huyu atatukata."

Akachota kwa kikombe maji tuliyoyatia dawa kwenye ndoo tuliyokuja nayo, akanywa, akanipa na mimi. Nilikunywa meno yakigonga kikombe. Kisha akapiga hodi ya nne, na sauti ya mwanamke ikaitika kutoka ndani, "Karibuni."

Yule baba akasogea pembeni. Nilipompita, niliona panga lake linatetemeka kuliko kikombe changu. Siku zote hizo nilidhani ni sisi tu tunaoogopa.

Ukifika mlangoni kwa watu, piga hodi polepole.

Bibi yako