Inhela ya Kahawia Iliyokaa na Vikombe vya Wageni

Mama Njeri,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, kwa hivyo nianze na yangu. Mimi niko. Presha imetulia, goti la kushoto linanisumbua wakati wa ukungu, na ukungu wa hapa Dundori unaujua. Ng'ombe wako alizaa ndama jike mwezi uliopita. Viazi vya shamba la chini viliungua na baridi, vya juu vimepona. Akina mama wa kanisa walirudisha sufuria zako zote isipokuwa ile kubwa. Najua ungependa kujua iko kwa nani, lakini sikuambii, maana ungefufuka uende kuichukua.

Nakuandikia kwa sababu ya Njeri. Mtoto wetu ana kifua chako.

Alikuja Jumamosi kutoka Nakuru. Nilimsikia langoni kabla sijamwona, kikohozi kile kile, kifupi, halafu pumzi yenye mluzi. Ameambiwa ni pumu. Alipoketi alitoa inhela ya bluu kwenye mkoba, akavuta. Nikamuuliza kama alipewa hiyo moja tu. Akanionyesha na ya kahawia, bado iko kwenye boksi lake, haijafunguliwa. "Hii nimeweka ya emergency, Dad," akasema. "Unajua vile ni expensive? Siwezi imaliza tu hivi hivi." Akairudisha mkobani, akaanza kuniuliza habari za ndama.

Niliogopa, Mama Njeri. Wewe mwenyewe ulizoea kuniambia mimi ni mtu mkavu, na kweli hata siku ya mazishi yako nilikuwa nahesabu viti. Lakini hapo niliogopa.

Acha niyaseme ya kwetu, ingawa unayajua. Daktari alikuandikia dawa mbili. Mimi ndiye niliyeingia kwa kemisti, wewe ukabaki nje ukilinda mzigo. Ya bluu niliilipia bila neno. Bei ya ile ya kahawia niliiuliza mara mbili, nikidhani sikusikia vizuri. Siku hizo nilikuwa naweka pesa za tangi la maji. Niliinunua hata hivyo, lakini tukiwa njiani nikakuambia, "Mama Njeri, hii ya pili si ya kuchezea. Iweke ya siku ukizidiwa."

Hukubisha. Ulipofika nyumbani uliifuta kwa kitambaa, ukaiweka kwenye kabati ya vioo, kati ya birika na vile vikombe sita vya ukingo wa dhahabu ambavyo havijanywewa chai tangu wakwe walipokuja. Kwako kitu kizuri kilikuwa cha kuwekwa. Nami nikakusifu, nikasema nimeoa mwanamke anayejua kutunza.

Ukabaki na ya bluu peke yake, na kadiri miezi ilivyokwenda ndivyo ulivyoibonyeza zaidi. Mtu alikuambia kanisani kwamba kile kichupa cha ndani kikielea kwenye maji, dawa bado ipo. Ukawa unakitia kwenye beseni. Asubuhi ile ya mwisho kilielea vizuri kabisa. Ulikuwa umemaliza kukamua, ukaketi kwenye kiti chako cha dirishani, ukabonyeza, ukabonyeza tena, dawa haikutoka. Ukanionyesha kabati kwa kidole.

Nilikubonyezea ile ya kahawia mara mbili, kisha mara nne. "Bado," ulisema. Nikakuambia tungoje ishike. Pikapu ya jirani ilikuwa imesimama uani kwake, naiona kutoka pale dirishani, na mimi nikangoja dawa ishike. Tulipofika kwenye lami ndani ya pikapu hiyo, pumzi yako ilikuwa imekatika.

Miezi saba baadaye nilikuwa kliniki kuchukua dawa zangu za presha. Muuguzi mmoja, msichana wa umri wa Njeri, alikuwa akiwafundisha watu kwenye benchi. Alisema ya bluu hufungua kifua wakati huo huo. Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata ukijisikia mzima, na ukiitumia hivyo ile ya bluu utaihitaji mara chache. Alisema kuelea kwenye maji hakuonyeshi chochote. Alisema mtu asiyejiweza aanze kwa kuuliza hospitali ya serikali, au amwambie mwenye kemisti ampe dawa ile ile ya kampuni nyingine iliyo nafuu, lakini asijipunguzie dawa ili idumu. Alitoa chupa ya plastiki ya soda iliyotobolewa kwenye kitako, akatuonyesha jinsi ya kuvutia dawa humo ili isiishie kwenye ulimi.

Nikainua mkono. Nikauliza, na kama mtu ameiweka ile ya kahawia mpaka siku mbaya? "Siku hiyo dawa hiyo haiwezi kumsaidia, mzee," akasema. "Hapo ni kukimbia hospitali."

Sikumwambia mtu. Kwenye matanga kila aliyesimama alikuwa amesema ulikuwa mwanamke wa kujinyima, na Njeri amekuwa akirudia, "Mum naye alikuwa mkaidi, dawa anaiweka kama sahani za wageni!" Watu hucheka. Nami nilikuwa nacheka nao. Nilikuacha ubebe kosa langu mwaka mzima kwa sababu wewe huwezi kujibu. Tangi lipo nyuma ya nyumba, limejaa maji, na kila nikifungua bomba nakumbuka.

Basi Jumamosi nilifungua kabati. Inhela yako ilikuwa bado mle, maana baada ya kukuzika niliirudisha mahali pake. Niliiweka mezani mbele ya Njeri, nikamwambia ni nani aliyekukataza kuitumia, kwa maneno gani, na kwa ajili ya nini. Nikamwambia na ule muda niliongoja huku pikapu inaonekana. Sikupunguza kitu.

Hakunipigia kelele. Alitoka akaenda zizini akakaa huko mpaka chai ikapoa. Nikachukua chupa ya soda, nikapasha msumari moto, nikaitoboa kitako kama nilivyofundishwa, ili mikono iwe na kazi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakunitazama. Alifungua boksi lake, nikamsogezea ile chupa, akavuta, akashika pumzi. Nikamwambia ni lazima asukutue mdomo, dawa isibaki humo, kama muuguzi alivyosema. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati ya vioo, akatoa kikombe kimoja cha ukingo wa dhahabu, akachotea maji, akasukutua, akatema nje kwenye maua yako.

Sijui kama amenisamehe. Tangu arudi Nakuru ananipigia simu asubuhi na jioni. Hanisalimu. Nasikia inhela ikitikiswa, nasikia ikibonyezwa, anashika pumzi, kisha anasema, "Nimevuta, Dad," na kukata.

Mama Njeri, mimi ndiye niliyekuambia uiweke. Wewe ulinitii tu. Najuta, na nimeshamwambia Njeri, na siku ya kukukumbuka nitasimama mbele ya ndugu zako niwaambie nao. Simu ya Njeri nitaipokea kila siku, hata kama hatakuwa na neno lingine la kuniambia mpaka nikufuate. Na dawa yake ikikaribia kuisha, nitauza huyo ndama kabla sijamsikia akisema ameiweka.

Kwaheri, mke wangu. Pumzika. Kwenye kabati kuna vikombe vitano. Cha sita kiko mezani, na sitakirudisha.

Mimi,
Baba Njeri