Kuvu ya Mlango wa Jiko

Machi 6

Wifi yangu,

Pokea salamu na pole tena. Unaendeleaje tangu msiba? Sisi huku maabara tu wazima, ila kiti cha marehemu mpaka leo hakuna anayekikalia.

Nina ombi. Marehemu nami tulikuwa tukiotesha kuvu mbili pamoja juu ya unga wa mbao, moja yake, moja yangu. Kila moja ikiwa peke yake ni mvivu. Zikikutana katikati ya sahani, zinamwaga vimeng'enya, yaani ule ute unaoozesha mbao, kwa wingi ajabu. Yake imekufa hapa. Najua kuna kopo lake hapo nyumbani. Lisipopatikana, kazi yake itafungwa mwisho wa Mei.

Wifi yako,
Dada wa Maabara

Machi 19

Dada wa Maabara,

Asante kwa salamu. Naamka, nalala, ndiyo afya yenyewe. Huo uwifi tumeuanzia wapi?

Kopo lipo. Nalinyunyizia maji kwa ncha za vidole, kama alivyokuwa akifanya. Sitoi.

Wewe ulikuwa naye mchana kutwa, akiwa amechangamka. Mimi nililetewa uchovu wake na soksi zake. Hata mezani: "Dada leo kasema hivi, dada kafanya vile," chai inapoa mbele yake. Sasa na hiki kilichobaki unakitaka?

Mke wa marehemu

Aprili 2

Wifi,

Natumaini u mzima. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Unadhani mimi ndiye niliyekula minofu? Habari zako nilizisikia mpaka basi. Chai yangu maji matupu, ya mke wake ndiyo chai! Kuvu yenyewe, alisema, mke wake ndiye aliyeiona kwenye mwimo wa mlango wa jiko, akamwita: "Njoo uone kinachotula nyumba." Hapa akaiita Mama Mwenye Nyumba. Yangu, niliyoilea miaka, akaiita Yule Mwingine. Ilinichoma, wifi. Na akiziweka sahani moja alikuwa anacheka: "Haya, oneaneni wivu mfanye kazi."

Wifi yako, upende usipende,
Dada wa Maabara

Aprili 28

Wifi,

Hujambo? Kimya chako kinanitisha. Kama nilikuumiza, niambie. Hata matusi nitayapokea.

Wifi yako

Mei 11

Wifi,

Mimi sijambo, nawe je?

Nilinyamaza kwa kuogopa kisu. Nilidhani nikiikata itakufa, na kumzika mara ya pili siwezi. Nikakata kipande, nikakiweka kwenye kopo jipya, nikangoja. Kimeshika.

Siku ile ya mlango nilikuwa nimefura, namtaka amwite seremala. Yeye akapiga magoti akaikwangua kwa kijiko changu cha sukari. Nikajua anakwenda kuitupa. Hilo jina hakuniambia kamwe. Maneno matamu alikuwa anayaacha kwako, na bado linaniuma.

Jumatatu nakuletea mwenyewe, sitaki mikono ya watu wa posta. Nami nisirudi mikono mitupu: nikatie kipande cha Yule Mwingine. Hii ya nyumbani imezidi uvivu.

Na bandika chai. Nataka nionje mwenyewe nijue kama alikuwa anasema kweli.

Wifi yako,
Mama Mwenye Nyumba