Bei ya Kuangalia Nyumba

Butembo, tarehe 6 Februari 2023

Kwa yaya Gamaliel, ndugu yangu mukubwa, kule Beni,

Salamu mingi katika jina ya Bwana. Habari ya siku mingi? Muke wako Rébecca anaamuka namna gani na ile mimba? Batoto balishapona malaria? Sisi huku tuko wazima, ni baridi tu ya Butembo inatupiga, unaijua. Tangu uliuzisha simu yako, nangojea gari ya dereva Ibrahim vile mutu anangojea mushahara. Asante Mungu, huyu mutu hapotezi barua.

Yaya, nakuandikia juu ya kazi yetu. Wewe njo ulisema: tulisoma ujenzi, chantier za kujenga zimekufa, donc tuangalie nyumba za batu kabla banunue, tubaambie ukweli, balipe. Bon, batu banakuja. Bale banakimbia vita banafika kila juma na makuta, ile franga kidogo balibakisha, banatafuta nyumba mbio mbio. Lakini bei njo inanishinda. Nalomba dola makumi tano kwa kila nyumba, mbele ya kuangalia. Bengine banacheka. Juzi mwalimu moja alilipa, nikamwambia: hii nyumba usiguse, fondation, ule musingi, inakaa juu ya takataka. Akakasirika! "Nimekulipa ili uniambie vile?" Batu habapendi kulipa habari mubaya.

Tena alikuja mama mujane, anaitwa Kahongya, anatoka upande ya Kasugho na batoto bane. Alitaka kununua kanyumba ka udongo kwenye mutelemuko. Alinitolea dola kumi, akasema ingine nitaleta kisha kuvuna maharagi kule Musienene. Nikakatala. Nikianza kukopesha, kazi itakufa. Alienda, akanunua vile vile.

Niambie, yaya: tushushe bei ao tukaze?

Mudogo wako,
Agar


Beni, tarehe 15 Februari 2023

Kwa mudogo wangu Agar,

Wasingya, asante kwa barua yako. Batoto balipona. Huku joto tu, na masikio yetu inabakia wazi usiku kucha, lakini tunapumua. Rébecca njo ananipa mawazo. Munganga wa hospitali alimupima, akasema mutoto amekingama ndani ya tumbo, itaomba operation mwezi ya ine. Usilie, tutafanya namna.

Juu ya bei: mais Agar, unalombesha makuta mutu mwenye mufuko umekauka! Mwenye kununua amesha kulia, anahesabu mpaka franga ya mwisho. Mwenye kuuzisha njo makuta inamuingilia. Mimi hapa nimebadilisha. Nimepatana na kamisioneri moja, Kitsa, ule mutu anaunganisha benye kuuzisha na benye kununua, Beni na Butembo. Mununuzi hanilipi kitu. Nyumba ikiuzwa, Kitsa ananipa tatu juu ya mia. Nyumba ya bei kali, sehemu yangu inapanda. Kanyumba ka maskini, napata kidogo, haiko shida. Sasa banavyoniita! Ule mama Kahongya, kwangu angeangaliwa bure.

Fanya vile na wewe. Kitsa yuko tayari.

Yaya wako,
Gamaliel


Butembo, tarehe 21 Februari 2023

Kwa yaya Gamaliel,

Nakusalimia, na Rébecca zaidi. Namuombea kila asubuhi. Anywe uji ya mtama, hata kama hana hamu.

Barua yako niliisoma mara mingi. Juu ya Kahongya uko na haki, na inaniuma. Lakini jibu yako inaniogopesha kupita kosa yangu. Yaya, yule anakulipa njo anashika macho yako. Kama nyumba isipouzwa hupati kitu, utaona ufa na utasema ni kivuli. Utajiambia: ni kidogo, itarekebishwa. Hautasema uongo siku ya kwanza. Utasema siku ile batoto batakosa kula.

Nikuulize moja tu, unijibu kama ndugu: nyumba zote uliangalia na Kitsa, ulikatala ngapi?

Mudogo wako,
Agar


Beni, tarehe 8 Machi 2023

Kwa Agar,

Salamu. Tuko.

Hapana kunifundisha. Nilikubeba mugongoni tukitoroka Kasugho, leo unaniuliza kama ndugu? Sikukatala hata moja, sababu zilikuwa nzuri. Basi.

Kuko kazi kwako. Kitsa anauzisha nyumba ya étage, ya gorofa, kule Butembo, kwenye mulima, juu ya kisima cha masista. Mununuzi ni mama Zawadi, muislamu, anauzisha vitambaa hapa sokoni Beni. Anataka kupandisha mama yake muzee na batoto ba marehemu dada yake, sababu quartier yao, ule mutaa, hailale tena na bunduki. Bei ni dola elfu makumi ine. Hesabu mwenyewe tatu juu ya mia. Operation ya Rébecca iko ndani ya ile makuta, na chakula ya kisha operation. Sina njia ingine, nimepiga hodi mahali pote.

Enda uangalie. Uangalie vizuri, lakini usitafute ufa kama mutu anatafuta chawa.

Gamaliel


Butembo, tarehe 17 Machi 2023

Kwa yaya wangu,

Nakusalimia na moyo muzito. Rébecca iko namna gani? Usiniache bila habari.

Niliangalia ile nyumba. Mbele ni nzuri sana, rangi mupya, vioo, mpaka batu banasimama kuitazama. Nyuma njo kuko kifo. Mulima ulichimbwa ili nyumba ipate nafasi, na ule ukuta ya mawe unashikilia udongo umevimba kama tumbo. Hauna tundu hata moja ya kupitisha maji. Kwenye poteau, ile nguzo ya chini, nilivunja kidogo: chuma ni ya milimetre nane, pahali pa kumi na mbili. Na chumba ya nyuma, ile inagusa ukuta, njo bataweka mama muzee, sababu iko chini na hawezi kupanda ngazi.

Kitsa alikuwa anasimama pale. Akasema, "Dada, andika tu kama kuko unyevu kidogo."

Nikamwambia, "Unyevu hauuwi mutu. Hii itauwa."

"Unajua kama kaka yako anangojea hii makuta?"

"Najua."

"Na unajua kama wewe unatembeaka peke yako kwenye hii milima?"

Vile njo alisema, akicheka. Kufika nyumbani, nilimutumia Zawadi habari yote. Sikuomba kitu.

Yaya, ingine. Mvua ya Jumapili iliangusha ukuta ya Kahongya. Batoto balikuwa kanisani. Yeye alibakia kupika, mukono wake umevunjika mahali mbili. Nilienda kumuona. Hakunitukana. Angenitukana ningelala. Dola makumi tano yangu, njo iliweka huyu mama chini ya ule ukuta. Donc hata bei yangu si safi. Lakini ya Kitsa pia hapana. Tutafute ya tatu, wewe na mimi.

Natuma na Ibrahim kila kitu nilikuwa nacho kwa operation. Ni kidogo.

Mudogo wako,
Agar


Butembo, tarehe 29 Aprili 2023

Kwa yaya Gamaliel,

Wiki sita bila neno. Namuuliza Ibrahim kama anakupatia barua, anasema ndiyo, mukononi. Kama Rébecca amezaa sijui. Kama yuko muzima sijui.

Leo nilikutana na Zawadi mbele ya duka moja ya magodoro. Nikafurahi, nikamuuliza alipata nyumba gani. Akashangaa: "Si ile ya mulima? Mais kaka yako mwenyewe alikuja, akaangalia, akasema iko muzuri. Alisema wewe ungali mutoto kwa kazi, unaogopa mingi."

Ulikuja Butembo, yaya. Ulipita hapa chini ya nyumba yangu, ukapanda mulima, ukashuka, ukarudi.

Nilimulomba Zawadi asiingize mama yake. Akanijibu vizuri, lakini kwa kunifunga mulango: "Yeye ni mukubwa, ni mwanaume, na chantier aliziona kabla yako." Mama muzee amesha ingia. Batoto batatu banalala naye kwa ile chumba ya nyuma. Na mvua inanyesha kila mangaribi. Kisha nilienda kuchungulia kupitia kwa jirani: udongo umeanza kupita juu ya ukuta.

Mimi habaniamini. Wewe banakuamini. Unajua ulichokiona pale. Wewe tu njo unaweza kubatoa mule.

Agar


Beni, tarehe 2 Mei 2023

Mudogo wangu,

Rébecca yuko muzima. Mutoto pia, musichana. Balimupasua tarehe kumi na nane, damu ilipotea mingi, angali kitandani na mimi njo namugeuza. Makuta ya Kitsa njo ililipa.

Ukuta niliuona. Nilitia mukono juu yake, ulikuwa wa baridi na unatoa maji. Nikashuka, nikasema iko muzuri.

Nimesoma barua yako mbele ya Rébecca. Akaniambia, "Enda kwa huyu mama sasa, hata kama ninataka maji." Namaliza kuandika, naenda sokoni kwa Zawadi. Barua hii Ibrahim anaondoka nayo. Nafikiri na Zawadi pia ataondoka naye.

Yaya wako


Butembo, tarehe 6 Mei 2023

Kwa yaya Gamaliel, na kwa Rébecca, na kwa mutoto,

Asifiwe Mungu kwa uzima yenu. Nililia nikisoma, na sikujua nalia nini.

Nikuambie vile ilikuwa, sababu najua haulali. Zawadi alifika na Ibrahim ile siku uliniandikia, mbele ya saa sita ya muchana. Hakunisalimia. Alisema tu, "Kuja." Mvua ilikuwa imeanza. Tulikuta mama muzee kwenye kitanda, anashika tasbihi. Akakatala kutoka.

"Nimetoka Beni kukimbia bunduki," alisema. "Sasa nikimbie ukuta? Niacheni nife pahali pakavu."

Zawadi akapiga magoti pale chini. "Mama, ule mutu aliniambia nyumba iko muzuri, amekuja mwenyewe kwangu sokoni, mbele ya bateja yangu yote, akasema alinidanganya. Mutu hajiaibishi vile bure. Tutoke."

Mama muzee akainua kichwa. Kisha akauliza, "Alisema mbele ya batu?"

"Mbele ya soko yote."

Akanyoosha mikono. Ibrahim akamubeba mugongoni mpaka kwa gari, mimi na batoto tukafuata na mablanketi. Bintu bingine tuliacha. Ukuta ulianguka alfajiri. Nilienda kuona kulipokucha: chumba ya nyuma imejaa udongo mpaka kwenye dirisha, na kitanda haionekani.

Balilala kwangu, bote. Zawadi alikaa anatazama mulango. Nilimupa chai, hakunywa. Aliponiongelesha, alisema tu: "Kaka yako nitamupeleka kwa chef, ule mukubwa wa quartier."

Sikumulomba asifanye. Nisamehe, yaya. Ni haki yake.

Mudogo wako,
Agar


Beni, tarehe 24 Mei 2023

Kwa mudogo wangu Agar,

Salamu mingi kutoka kwetu wote. Rébecca anatembea sasa, polepole, anashikilia ukuta. Mutoto ananyonya sana. Tumemuita Kanyere, kama mama yetu.

Jana chef wa quartier alituita. Kitsa alivaa shati nyeupe. Alisema, "Mimi si mujenzi. Technicien aliniambia nyumba iko muzuri, nikaamini." Akaninyooshea kidole. Chef akanigeukia: "Uliona ule ukuta?"

Agar, ningeweza kusema giza ilikuwa imeingia. Nilikuwa nimeitayarisha hiyo neno njiani. Nikasema, "Niliuona. Mudogo wangu alikuwa amesha niandikia. Nilisema muzuri sababu nilikuwa nataka sehemu yangu."

Nilisikia mama moja anaita Mungu na sauti ya chini, "Nyamuhanga!".

Chef alikata shauri: mwenye nyumba arudishe makuta ya Zawadi, Kitsa arudishe commission yake, na mimi ya kwangu. Kitsa alitoka akitukana, sijui kama atarudisha. Mimi nimeuzisha moto yangu, ile pikipiki ya kazi. Inabakia deni kidogo, nitaimaliza. Asubuhi ya leo nilianza kupita kwenye zile nyumba zingine niliangalia na Kitsa. Kwa ya kwanza banaume balinifukuza na fimbo. Kwa ya pili balinipa kiti, tukaangalia paa pamoja, na kuko mbao tutabadilisha kwa mikono yangu.

Lakini ni Zawadi nataka kukuambia. Tulipotoka kwa chef, nilikuwa nainamisha kichwa ili apite. Akasimama. "Kuko nyumba ingine Butembo," akasema, "kwenye tambarare. Nataka wewe na dada yako muiangalie, bawili. Bei ngapi?"

Nilifikiri ananichekelea. Tena nikafikiri ile bei ya tatu uliniomba tuitafute. Nikasema, "Dola makumi tano, mama. Unalipa wewe, si mwenye kuuzisha. Nusu mbele, nusu kisha mvua ya mwezi ya tisa, ukiona nyumba inasimama vile tulisema. Na mutu asiye na nusu ya mbele, tutamuangalia, atalipa kisha kuvuna."

Akawaza. "Bengine ubafanyie vile," akasema. "Mimi, nusu ya mbele hapana. Utapata yote kisha mvua, kama mama yangu analala pakavu."

Chef alitusikia kutoka mulangoni, akacheka. Zawadi hakucheka.

Nikakubali.

Sijui tutakula nini mpaka ile siku. Rébecca anasema tutakula sombe, majani ya muhogo, si mara ya kwanza. Jumatatu napanda na Ibrahim, nafika kwako mbele ya kwenda popote. Tayarisha ile kamba ya kupimia na nyundo ndogo. Wewe utaangalia, mimi nitaandika kile utasema.

Yaya wako,
Gamaliel